Theluji Isiyochorwa: Jina la Litografia na Kinachopotea Linapotumiwa Ovyo

Anayetafuta leo picha ya kutundika ukutani katika masoko ya mtandaoni, akaandika maneno "bustani" na "majira ya baridi", huletewa mlolongo wa picha zinazofanana kama ndugu: njia iliyopinda katikati ya miti isiyo na majani, benchi lililoelemewa na theluji, taa moja iliyowashwa mapema, na mtu anayekwenda zake akiwa amempa mtazamaji mgongo. Chini ya nyingi kati ya hizo pameandikwa kuwa ni litografia, yaani picha iliyochapwa kutokana na mchoro uliowekwa juu ya jiwe. Baadhi yake ni skani za chapa za karne ya 19 zilizotolewa upya kwa printa za kupuliza wino. Nyingine ni mabango yaliyochapwa kwa ofseti, uchapaji wa kawaida wa matbaa. Na nyingine, hasa katika miaka hii michache, hazikuwahi kupitia mkononi mwa mchoraji yeyote, bali zimetungwa na programu za akili unde zilizoagizwa kuiga "mtindo wa litografia". Wanaolalamika wanasema kwamba mnunuzi anaibiwa na kwamba sanaa ya kale inauawa na mashine. Wanaotetea wanajibu kwamba picha nzuri ni nzuri hata ikitoka wapi, na kwamba mwenye kipato kidogo naye ana haki ya kuwa na mandhari ukutani pake.

Naona pande zote mbili zinagombania jambo lisilo kiini. Mashine haiwezi kuiua litografia, kwa sababu litografia yenyewe ilizaliwa ikiwa ufundi wa mashine na wa biashara. Wala bei ndogo si kosa, kwa kuwa ndiyo iliyoifikisha nyumbani mwa watu. Kinachoharibika ni jina. Neno "litografia" hutoa habari ya namna picha ilivyopatikana, halielezi sura yake, na linapogeuzwa kuwa sifa ya sura mtazamaji hunyang'anywa ufunguo wa kusomea kilicho mbele yake. Hasara hiyo hujitokeza zaidi katika picha za bustani wakati wa baridi kuliko katika somo lingine lolote ninalolijua, na sababu yake ni ya kiufundi tu: katika litografia theluji haichorwi. Huachwa.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima turudi kwenye jiwe. Alois Senefelder aligundua njia hii katika Bavaria miaka ya mwisho ya karne ya 18, kuanzia 1796, akiwa mtu wa tamthilia aliyetafuta namna rahisi ya kuchapa kazi zake mwenyewe. Jiwe alilolitumia ni chokaa laini na tulivu kutoka machimbo ya Solnhofen, na hadi leo hakuna jiwe lililolipita. Tofauti na mbao zinazochongwa au shaba inayochimbwa mistari, jiwe hili halina mwinuko wala shimo; picha na pasipo na picha viko kwenye usawa mmoja. Msanii huchora kwa kalamu au wino wenye mafuta, kisha mchapaji hupaka gundi ya mgunga iliyotiwa matone machache ya asidi ya nitriki. (Gundi hiyo kwa sehemu kubwa huvunwa Sudan, hivyo theluji nyingi za Ulaya na Marekani zimepita kwanza kwenye miti ya nchi ya jua kali.) Sehemu zisizochorwa hujifunza, kama mtu angeweza kusema hivyo, kushika maji, sehemu zilizochorwa huyakataa. Jiwe hulowanishwa, rola yenye wino wa mafuta hupitishwa juu yake, wino hushika palipo na mafuta na kukimbia palipo na maji, karatasi hulazwa, na jiwe hupitishwa chini ya mtambo. Msingi wote wa ufundi huu ni kwamba mafuta na maji havipatani.

Kabla ya kuchorwa, jiwe husagwa kwa mchanga mgumu mpaka uso wake uwe na chembechembe ndogo kama ngozi ya chungwa bichi. Kalamu inapopita kwa wepesi hugusa vilele vya chembe hizo tu. Ikikandamizwa huingia hata kwenye vibonde. Ndiyo maana litografia iliyochapwa kwa wino mmoja mweusi huweza kutoa kijivu cha namna nyingi bila kuwapo wino wowote wa kijivu: jicho huchanganya vidoa vyeusi na weupe wa karatasi uliobaki kati yake. Sasa fikirini bustani asubuhi baada ya usiku wa theluji. Anga lake ni kijivu kisicho na mpaka, matawi yake ni mistari myeusi iliyokatika, uzio wa chuma unapotelea kwenye ukungu, na ardhi yote haina kitu. Ni kana kwamba mandhari hiyo imeagizwa na jiwe. Kijivu cha anga ni kalamu iliyopita juu juu, matawi ni kalamu iliyokandamizwa, na ardhi ni mahali ambapo mkono wa msanii haukugusa kabisa.

Kutogusa huko si uvivu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Jiwe lililosagwa hunasa mafuta ya aina yoyote, yakiwamo ya kidole. Msanii akiegemeza kiganja chake mahali anapokusudia theluji iwepo, alama ya kiganja itaibuka kwenye karatasi mchapaji atakapopitisha rola, na kuifuta bila kuacha kovu ni kazi ngumu. Kwa hiyo huchora mkono ukiwa juu ya ubao uliowekwa kama daraja, na weupe hulindwa kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengine hupaka gundi kabla ya kumwaga wino wa majimaji, ili mahali palipopakwa pasipokee kitu. Gundi hiyohiyo ikirushwa kwa brashi hufanya matone ambayo baadaye huwa theluji inayoanguka. Wengine hukwangua weusi kwa sindano au wembe hadi jiwe lionekane tena. Na tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19 kulikuwa na desturi ya kuongeza jiwe la pili lenye rangi moja hafifu, ya mchanga au ya kijivu cha samawati, lifunike karatasi nzima isipokuwa sehemu zilizokwanguliwa. Hapo karatasi tupu, ikiwa imezungukwa na rangi hiyo, hung'aa kuliko inavyong'aa ikiwa peke yake. Mwenye kujua hayo hatazami theluji ile kama sehemu iliyosahauliwa. Ataitazama kama sehemu iliyolindwa kuliko zote.

Hata hivyo historia haiwapi raha wale wanaotaka litografia iwe kitu kitakatifu cha mkono mmoja. Chapa mashuhuri kuliko nyingi za bustani wakati wa baridi ni ile ya mwaka 1862 iitwayo Central-Park, Winter: The Skating Pond, iliyotolewa na kampuni ya Currier & Ives ya New York. Bustani yenyewe ilikuwa bado inajengwa. Mpango wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux ulikuwa umeshinda shindano la kuibuni mwaka 1858, na ziwa lake lilianza kupokea watu wa kuteleza kwenye barafu katika majira ya baridi ya mwaka huohuo, hata kabla kazi nyingine hazijakamilika. Mchoro ulikuwa wa Charles Parsons, lakini aliyeuweka kwenye jiwe ni Lyman Atwater. Rangi hazikuchapwa, zilitiwa kwa mkono na wanawake wa karakana waliokaa katika safu, kila mmoja akipaka rangi moja na kumpitishia mwenzake karatasi. Kampuni hiyo, iliyoanzia kwa Nathaniel Currier mwaka 1834 na kufungwa mwaka 1907, ilitoa picha tofauti zaidi ya 7,000, ndogo zikiuzwa kwa senti na kubwa kwa dola chache. Mfano mwingine unauma zaidi. Home to Thanksgiving, ile picha ya nyumba ya shamba katika theluji ambayo Wamarekani wengi huitambua bila kujua ilikotoka, ilitolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 1867 kutokana na mchoro wa George Henry Durrie. Durrie alikuwa amefariki mwaka 1863. Hakuligusa jiwe hilo hata kidogo, na bado hakuna mtu makini anayekataa kwamba ni litografia.

Kwa hiyo hoja ya watetezi wa usafi, kwamba litografia halali ni ile iliyochorwa na msanii mwenyewe moja kwa moja juu ya jiwe, inaanguka mapema. Imekwisha kuanguka hata mahakamani. Mwishoni mwa 1896 mchoraji Walter Sickert aliandika katika jarida la Saturday Review la London kwamba msanii mwenzake Joseph Pennell alikuwa akiwauzia watu kwa jina la litografia kazi zilizochorwa kwenye karatasi maalumu na kuhamishiwa kwenye jiwe na mchapaji. Pennell alishtaki. Kesi ilisikilizwa mwaka 1897, mchoraji James McNeill Whistler akasimama kama shahidi upande wa Pennell dhidi ya Sickert aliyekuwa mwanafunzi wake, na Pennell akashinda fidia ya pauni 50. Whistler alikuwa na sababu zake, na sababu hizo zinahusu bustani. Katika miaka ya 1893 na 1894, akiishi Paris, alichora mfululizo wa litografia katika bustani ya Luxembourg: mayaya na watoto, watu wakizungumza chini ya sanamu, ngazi na vizingiti vya baraza lake. Alichora kwenye karatasi ya kuhamishia, akazipeleka kwa posta London kwa mchapaji Thomas Way, naye akazihamishia kwenye jiwe. Jiwe la kutosha picha ya wastani huhitaji watu wawili kulibeba. Hakuna anayekwenda nalo bustanini kukaa nalo kwenye benchi. Bila karatasi ile, litografia ya bustani iliyochorwa ndani ya bustani yenyewe isingekuwapo kwa wepesi ule, na hukumu ya 1897 ilikuwa na maana kwamba jina halitegemei mahali mkono ulipokaa.

Lakini ni kosa kuruka kutoka hapo na kusema kwamba jina halitegemei chochote. Picha za Whistler za Luxembourg hazikuwapo mahali pengine kabla ya kuwa litografia. Alichora kwa kalamu ya mafuta, akijua kwamba kila mguso utakuwa wino na kila alipoacha patakuwa karatasi. Karatasi ya kuhamishia ilikuwa njia ya kufika kwenye jiwe. Haikuwa picha nyingine inayonakiliwa. Ya Durrie ni kinyume chake: kulikuwa na mchoro wa rangi za mafuta, ambamo theluji ilipakwa kwa rangi nyeupe, na mtu mwingine akautafsiri kwenye jiwe, akiamua upya wapi weupe ule uwe karatasi. Zote mbili ni litografia, ila si jambo moja, na swali la maana ni hili: je, kulikuwa na picha kabla ya jiwe? Swali hilo halimdhalilishi Atwater wala wanawake waliopaka rangi. Linatuambia tu tusome kazi ya nani.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile isemayo kwamba ikiwa jicho halitambui tofauti, basi tofauti haipo. Jicho hutambua, likipewa nafasi. Niliwahi kuonyeshwa picha ya ziwa lililoganda, yenye sahihi na namba pembeni, iliyosifiwa na muuzaji kuwa imetoka kwenye jiwe. Kioo cha kukuzia cha bei nafuu kilionyesha vidoa vya rangi nne vilivyojipanga kwa mpangilio kama petali za ua, ambavyo ni alama ya ofseti, na hata zile chembe za kalamu ya msanii zilikuwa zimekatwakatwa na vidoa hivyo. Chembe za jiwe hazijipangi. Zina umbo lisilotabirika, na weusi wake ni mweusi mpaka ukingoni. Lakini hata tukikubali kwamba ipo skani nzuri inayoweza kulishinda jicho lisilo na kioo, hoja bado haisimami, kwa sababu kutotambua kwangu kunaeleza uwezo wa macho yangu, hakuelezi kitu kinachotazamwa.

Ipo namna yenye nguvu zaidi ya kuipanga hoja hiyo, nami naiheshimu. Mtu anaweza kusema: hata printa ya kawaida ya kupuliza wino haina wino mweupe, kwa hiyo nako theluji ni karatasi iliyoachwa, tofauti yenu iko wapi? Jibu ni kwamba karatasi imeachwa, ila hakuna aliyeiacha. Ndani ya faili weupe ni thamani ya namba kama ulivyo weusi, na programu inayoendesha printa inafikia uamuzi wa kutopuliza wino kwa hesabu ileile inayotumia kupuliza. Hakuna kiganja kilichoinuliwa, hakuna gundi iliyopakwa kabla, hakuna mahali ambapo kosa lingebaki milele. Na ikiwa faili hiyo ni skani ya litografia ya kale iliyogeuka manjano, printa itapuliza wino wa manjano mahali pote palipokuwa na karatasi tupu, na theluji, ambayo katika chapa ya kwanza ndiyo pekee isiyokuwa na wino, sasa itakuwa imetengenezwa kwa wino.

Hapo ndipo ninapopimia madai ya "mtindo wa litografia" yanayoletwa na picha za akili unde. Msanii Mfaransa Henri Rivière alitoa mwaka 1902 kitabu cha litografia 36 zinazouonyesha Mnara wa Eiffel kutoka sehemu mbalimbali za Paris, na moja kati yake inaonyesha eneo la ujenzi wa mnara huo likiwa limefunikwa na theluji. Alikuwa akifuata kwa makusudi chapa za mbao za Kijapani, zikiwamo zile za Hokusai za Mlima Fuji: rangi chache zilizolala bapa, mistari iliyokolea, ukingo wa picha uliokata vitu katikati. Sura yake ni ya chapa ya mbao kiasi kwamba mtu wa haraka angeapa ni mbao. Lakini ziliuzwa kama litografia, kwa kuwa zilipigwa kwa njia ya litografia. Rivière aliazima sura ya ufundi mwingine bila kuazima jina lake, na hakuna aliyepoteza kitu; kinyume chake, raha ya kuzitazama inatokana kwa kiasi fulani na kujua kwamba jiwe linaigiza mbao. Programu ya akili unde nayo ina uhuru wa kuigiza jiwe. Ikiitwa kwa jina la njia yake, labda siku moja tutajifunza kufurahia uigizaji huo. Ikiitwa litografia, hakuna uigizaji wa kufurahia.

Hoja ya bei naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote za upande wa pili, na sina haja ya kuipinga. Litografia ilikuwa picha ya watu wasioweza kununua mchoro wa rangi za mafuta, na anayeudhika leo kwamba theluji ya Central Park inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana amesahau senti za Currier & Ives. Ninachokataa ni kiungo cha siri ndani ya hoja hiyo: kwamba ili kitu kiwe nafuu lazima kibebe jina la kitu kingine. Wauzaji wa picha zinazotolewa kwa printa za wino walilitambua hilo zamani, ndiyo maana mwaka 1991 Jack Duganne, aliyekuwa mchapaji nchini Marekani, alibuni neno giclée kwa ajili ya chapa za namna hiyo. Neno hilo lina mapambo mengi kuliko maana, nami silipendi, lakini angalau halikuiba nyumba ya mtu.

Kuna ugumu mmoja ambao wenye hasira hawapendi kuutaja. Ofseti, ambayo ilianza kutumika kwa karatasi mwanzoni mwa karne ya 20, ni litografia kwa kanuni: nayo hutumia mafuta na maji kwenye usawa mmoja, ila bamba la chuma limechukua nafasi ya jiwe na picha hupita kwanza kwenye mpira kabla ya kufika kwenye karatasi. Katika matbaa, anayeiita litografia hasemi uongo. Kwa hiyo muuzaji wa bango la ofseti anaweza kuandika neno hilo akiwa na dhamiri safi, na mnunuzi akalisoma kwa maana nyingine kabisa. Sahihi na namba havitoi kinga pia. Msanii anaweza kutia sahihi nakala ya ofseti aliyokuwa hajaiona mpaka siku hiyo, na mchoraji Salvador Dalí alitia sahihi karatasi tupu kwa wingi, picha zikaja kuchapwa baadaye. Alama ya penseli pembeni inathibitisha kwamba kalamu ya penseli ilipita hapo.

Ikiwa jina peke yake halitoshi na sahihi haitoshi, kinachobaki ni maelezo. Karakana ya litografia ya Tamarind, aliyoianzisha msanii June Wayne mjini Los Angeles mwaka 1960 na ambayo tangu 1970 iko Albuquerque chini ya Chuo Kikuu cha New Mexico, ilijenga desturi ya kuandika kumbukumbu ya kila toleo: nani alichora, nani alichapa, kwa karatasi gani, nakala ngapi, na jiwe au bamba lilifanywa nini mwishoni. Si lazima kila muuzaji wa mtandaoni afike huko. Mambo matatu yangetosha: nani aliyefanya alama, alama hizo zilifanywa juu ya nini, na kama kulikuwa na picha nyingine kabla yake. Kwa kipimo hicho mayaya wa Whistler wangeelezwa kuwa wamechorwa naye kwa kalamu ya mafuta kwenye karatasi ya kuhamishia, jiwe na uchapaji vya Way, hakuna picha iliyotangulia. Ziwa la 1862 lingeelezwa kuwa mchoro wa Parsons, jiwe la Atwater, rangi za wanawake ambao majina yao hayakuchapwa chini ya picha. Na ile njia iliyopinda, yenye benchi na taa moja, ingeelezwa kuwa ni faili lililotungwa na programu na kupulizwa kwa wino juu ya karatasi, bei yake ikabaki palepale, na mnunuzi akaichukua akijua kwamba katika theluji ile hakuna mahali ambapo mtu aliinua kiganja chake.